Maji ya Ngome ya Iwasuge

Tane alikuwa na miaka kumi na tisa, ndoa yake ikiwa bado changa, wakati mzee Hatogaya, bwana wa bonde, alipoamua kujenga ngome juu ya mlima Iwasuge. Kila nyumba ya bondeni ilitoa mtu wa kuchimba. Walikata misonobari yote ya kileleni mpaka mlima ukabaki na upara, wakauzungushia mahandaki matatu, wakabeba mawe mgongoni kutoka mtoni. Aliyeanguka na jiwe lake hakuinuliwa mpaka jiwe liinuliwe kwanza. Kazi ilichukua miaka miwili, na ilipokaribia kwisha watu wakaanza kunong'ona kwamba bwana amejijengea kaburi refu. Juu kule hakukuwa na maji. Walichimba visima vinne, na vyote vinne vilitoa vumbi.

Aliyepata maji ni Mosuke, mume wa Tane. Alikuwa fundi maji, mtu wa maneno machache na masikio makubwa, ambaye angelala kifudifudi kwenye majani kisha akuambie chini yake kuna maji au hakuna. Alizunguka mlima siku kumi na moja, akaikuta chemchemi upande wa kaskazini, pale mgongo wa Iwasuge unapopanda kwenda kuungana na milima mikubwa, chini ya jabali linaloitwa Jiwe la Nyani. Yeye na wenzake watano wakatoboa magogo, wakayaunganisha kichwa kwa mkia, wakayafukia ardhini njia nzima hadi kwenye birika la mawe katikati ya ngome. Juu ya udongo wakapanda kangaga. Baada ya mvua mbili tatu hata wao wenyewe walikuwa wakisimama na kubishana gogo limepita wapi.

Tane alijua limepita wapi. Kila adhuhuri alikuwa akipanda na mtama uliofinyangwa na figili za chumvi, akaketi kwenye Jiwe la Nyani akimtazama mumewe anavyokula.

Siku maji yalipoingia birikani, mzee Hatogaya aliwaita mafundi wote sita. Wakapewa sake, pombe ya mchele, wakapewa samaki mkavu wa baharini ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwonja. Alasiri wakaambiwa washuke handaki la kaskazini, kuna kazi ndogo imebaki. Hawakupanda tena.

Msimamizi wa ngome, aliyeitwa Sakon, alikuja mwenyewe na maiti. Wakati huo alikuwa kijana bado, msafi, mwenye sauti ya taratibu. Mosuke alikuwa amefungwa kwenye mkeka wa majani ya mpunga, na mkeka ulikuwa mfupi.

"Maporomoko," Sakon alisema. "Udongo uliwaangukia. Pole sana, mama."

Tane aliitazama shingo ya mumewe. "Bwana, udongo haukati—"

"Mimba hiyo ina miezi mingapi?"

"Saba, bwana."

"Naona unaibeba vizuri. Hebu niambie, mumeo ameuawa na nini?"

Tane aliuvuta mkeka ufunike miguu. Sakon akangoja, hana haraka.

"Maporomoko," Tane akasema.

"Sijasikia."

"Maporomoko, bwana."

"Na alikuwa akikuambia anafanya kazi wapi?"

"Hapana, bwana. Mimi ni mtu wa jikoni tu."

Sakon akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda nyumba ya pili, ambako mkeka mwingine ulikuwa ukingoja.

*

Mtoto aliyezaliwa aliitwa Kisaburo. Alipouliza habari za baba yake aliambiwa maporomoko, na akaamini, kwa sababu mama yake alilisema neno hilo bila kutetereka. Alipofikisha miaka kumi na sita ngome ilimchukua kuwa askari wa mikuki. Alishuka bondeni na koti lenye nembo ya Hatogaya mgongoni, anacheka, na kovu jipya kidevuni alilolipata mazoezini.

"Mama, mbona hivyo? Hufurahi?"

"Nafurahi," Tane alisema, akaenda uani kufua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa.

Mzee Hatogaya akafa, mwanawe Noritsuna akarithi ngome, na Sakon akiwa msimamizi wake. Kisaburo akaoa, mkewe akafa kwa uzazi, akaacha mtoto wa kike, Hisa. Tane akamlea. Hisa alikuwa na miaka mitano, na Tane arobaini na sita, wakati ukoo hasimu wa Tarumi ulipovuka mto na watu elfu tatu.

Amri ilitoka watu wote wa bondeni wapande ngomeni na chakula chao chote. Walipanda na magunia, na kuku, na mitungi ya miso, rojo la soya lenye chumvi, vichwani. Sakon, ambaye sasa alikuwa na mvi, alisimama langoni akihakikisha kila gunia linaelekea ghalani. Watarumi wakauzungushia mlima ua wa mianzi, wakaketi chini kungoja. Walikuwa wamesikia kwamba kileleni hakuna kisima. Walihesabu kwamba kwa joto lile la kiangazi, nyenje wakilia mchana kutwa, siku kumi zingetosha.

Zilipita siku arobaini. Ngomeni watu walioga.

Siku ya arobaini na tatu Sakon aliwakusanya uwanjani wazee wote, na wanawake wasio wa nyumba ya bwana, na watoto wote wasioweza kushika mkuki.

"Ghala limekwisha," akasema. "Mmelitumikia jumba hili vizuri. Sasa litumikieni kwa mara ya mwisho. Shukeni."

"Tushuke twende wapi?" aliuliza mzee Gorobei, seremala, jirani yake Tane.

"Watarumi nao ni binadamu. Watawapokea."

Kisaburo alikuwa mmoja wa waliowekwa langoni kuwatoa. Tane alipomfikia alisimama, Hisa mgongoni.

"Usiniangalie hivyo, mama. Tembea."

"Mtoto wako huyu, Kisaburo."

"Najua ni nani."

"Basi mfiche hata yeye. Anakula kiasi gani? Mdogo hivi."

"Kuna shida hapo?" Sakon aliuliza kutoka nyuma.

"Hakuna shida, bwana," Kisaburo akajibu. Akaugeuza mkuki, akamsukuma mama yake mbavuni kwa mpini. Alisukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema chini chini, midomo haichezi, "Tembea, mama, nakuomba. Wanatazama. Huko chini watawafungulia, hakuna mtu anayeua wazee."

Lango likafungwa. Walikuwa watu mia na thelathini.

*

Watarumi hawakuwafungulia. Walipofika kwenye ua wa mianzi walikuta mikuki imeelekezwa kwao.

"Rudini kwa bwana wenu!" askari mmoja alipaza sauti. "Sisi tunataka mle chakula chake yeye, nyinyi mnataka mle chetu?"

Wakapanda tena. Kutoka ukutani mishale mitatu ikapigwa miguuni mwao, wakaelewa. Basi wakabaki katikati, kwenye kipande cha mteremko kisichozidi mashamba matatu ya mpunga, juu ngome, chini ua.

Siku ya kwanza waliketi kwa heshima, kila nyumba mahali pake. Siku ya tatu hapakuwa na jani la kijani lililobaki, wakaanza magome. Maji waliyapata kwa kulamba umande na kufyonza matope ya handakini. Askari wa Tarumi, waliokuwa wamechoshwa na kukaa bure, wakabuni mchezo: walifunga donge la wali kwenye uzi, uzi kwenye fimbo ndefu ya mwanzi, wakauning'iniza juu ya ua. Mtu akiruka, wanainua. Mtu akilipata, wengine wote wanamwangukia.

"Huyu mkubwa, huyu! Vuta!" walishangilia, kama watu wanaovua samaki.

Mzee Gorobei aliruka mara moja tu. Akarudi kukaa karibu na Tane, anahema.

"Mama Kisaburo," akasema, "nikifa waambie hawa wasihangaike na mimi. Nimebaki mifupa na maneno."

"Nyamaza, mzee, usimalize pumzi."

"Pumzi hii namwekea nani?"

Akafa siku ya sita. Asubuhi yake nyama ya mapajani mwake haikuwapo, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Tane alimgeuza Hisa uso, akamlaza upande mwingine. Mtoto hakuuliza kitu. Alikuwa ameacha kuuliza. Siku ya tisa nzi walitua kwenye pembe za macho yake naye hakupepesa.

Siku hiyo hiyo ndipo alipokuja uani jemadari wa Watarumi, Genba, mtu mpole wa kuongea, ambaye meno yake yalipakwa rangi nyeusi kwa ustadi kama ya wakubwa wote. Nyuma yake kulikuwa na chungu cha uji kinachofuka moshi. Watu walitambaa mpaka kwenye mianzi.

"Nani kati yenu aliijenga ngome hii?" Genba aliuliza.

Waliobaki na nguvu wakainua mikono.

"Vizuri. Nani anajua maji yanaingilia wapi?"

Mikono ikabaki hewani, lakini hakuna aliyesema. Hawakujua. Waliojua walikuwa sita, na wote walikuwa wamefukiwa miaka ishirini na tano iliyopita.

Tane alimtazama Hisa. Kisha akasema, "Mtoto ale kwanza."

Genba akainama. "Sema kwanza."

"Nikisema kwanza hutanipa."

Jemadari akacheka, akawageukia watu wake. "Ajuza huyu amekaa na mabwana, anatujua." Akatoa bakuli, nusu. Hisa alikunywa, akatapika, akanywa tena.

"Nina mwanangu mle ndani," Tane alisema. "Kisaburo, wa mikuki. Ana kovu hapa kidevuni. Nataka aishi."

"Watu wangu wataambiwa. Neno langu hilo."

"Na hawa?" Tane alionyesha majirani zake, walioshika mianzi kwa mikono miwili.

"Hawa wamesema nini? Sijawasikia wakisema kitu."

Miaka mingi baadaye watu walidai kwamba Tane alikuwa akilipiza kisasi cha mumewe. Yeye mwenyewe alijaribu kuamini hivyo, kwa kuwa ingekuwa afadhali. Lakini pale uani alipofungua mdomo hakumwona Mosuke hata kidogo. Aliliona bakuli lililobaki nusu.

"Kaskazini," akasema. "Chini ya Jiwe la Nyani."

Wakamfungulia yeye na Hisa upenyo, wakaufunga tena. Nyuma yake jirani zake hawakumtukana. Walikuwa wakimwita kwa jina, wakimkumbusha siku walizomsaidia kuvuna. Alitembea bila kugeuka.

*

Magogo yalifukuliwa na kukatwa siku hiyo hiyo. Watarumi wakaketi tena kungoja. Siku ya nne, jua likiwa utosini, askari wakaanza kupiga kelele na kuonyesha juu.

Kwenye ukingo wa ngome walikuwa wamesimamishwa farasi saba. Watu walikuwa wakiwamwagia maji kwa kata, kata baada ya kata, mengi, yakiteremka migongoni na kumeta juani.

Genba alimwita Tane. Hakupandisha sauti. Askari mmoja alikuwa amemshika Hisa kwa nywele.

"Bibi, watu wenye kiu wanaogesha farasi?"

"Bwana, maji hakuna. Naapa. Hakuna maji mengine mlima huu."

"Mimi naona nini pale?"

"Sijui unaona nini, bwana. Nimekuambia kweli."

"Ulikula uji wangu ukanichezea." Akamwashiria askari, naye akachomoa kisu, akamrudisha Hisa kichwa nyuma. Mtoto alikuwa akimtazama bibi yake tu.

Ndipo shomoro wakashuka. Walishuka wachache, kisha kundi, kisha na kunguru, wakatua migongoni mwa farasi na chini ya kwato, wakadonoa. Farasi wakarusha mikia. Watu wa ngomeni wakawafukuza kwa mikono, wao wakaruka wakarudi.

Genba alikinga macho na kiganja, akatazama kwa muda mrefu, halafu akaanza kucheka mpaka akaketi chini. "Mchele! Wanawaogesha kwa mchele! Mwachie mtoto."

Lakini waliokuwa mteremkoni walikuwa karibu zaidi, na walikuwa wameona kabla yake. Walibaki kama sitini. Walikuwa wametolewa kwa kuwa ghala limekwisha, na sasa mchele mweupe uliokobolewa, ambao wao waliulima na hawakuwahi kuula ila siku ya mwaka mpya, ulikuwa ukimwagwa chini kwa makata. Mwanamke mmoja alianza kusema "mchele, mchele" kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza sokoni. Wakainuka. Wakapanda mlima wakiwa wamekinga viganja mbele, wengine kwa magoti. Hawakurusha hata jiwe. Kutoka ukutani wakapigwa mishale mpaka wa mwisho, na waliopiga walikuwa watoto wao.

Ngome ilianguka siku sita baadaye. Haikupiganiwa sana. Waliofungua lango walikuwa na ndimi zilizovimba, wengine walikuwa wakilamba mawe. Noritsuna alimuua mkewe, akajipasua tumbo, na jumba likawashwa moto. Genba akaamuru asibaki hai mwanamume yeyote aliyeshika silaha.

Tane alimfuata mpaka kwenye lango lililokuwa likiungua. "Na mwanangu, bwana? Uliniahidi."

"Niliwaambia watu wangu. Hawajamwona mwenye kovu." Genba alikuwa mchovu, akisugua macho kwa ajili ya moshi. "Wako waliotorokea msituni. Nenda hekaluni ukaoshe vichwa na wenzako. Ukivimaliza na yeye hayumo, basi yu hai."

*

Vichwa vilikuwa mia na sitini na vitatu. Vilipangwa kwenye uwanja wa hekalu la bondeni, juu ya mbao, na wanawake waliotekwa walipewa mapipa ya maji, vitana na poda. Kila kichwa kilioshwa damu, kikachanwa nywele, kikafungwa kibao chenye jina la aliyekikata. Askari aliyetaka kichwa chake kionekane cha mtu mkubwa alinong'ona, na kichwa hicho kikapakwa meno meusi.

Tane alifanya kazi kwa bidii kuliko wote. Kila kichwa alichopewa alikishika kidevu kwanza, akakigeuzia mwangani, akapitisha dole gumba. Hakuna kovu. Akakiosha, akachukua kingine. Wengine aliwajua tangu wakiwa watoto wa kuiba matunda yake ya persimoni. Hakulia. Kila uso aliouosha ulikuwa uso ambao si wa Kisaburo.

Siku ya tatu, adhuhuri, vikaisha. Tane alikaa chini, akanawa mikono, na mwanamke aliyekuwa akifanya kazi kando yake akamwona anatabasamu. Aliitwa Toyo, mjakazi wa mke wa Noritsuna, mwenye maneno mengi hata pale.

"We dada, unacheka nini mahali hapa?"

"Namtafuta mwanangu. Hayumo."

"Ehe! Mungu wako hajalala. Nani mwanao?"

"Kisaburo, wa mikuki. Mwenye kovu hapa."

Toyo aliacha kuchana. "Yule mwana wa fundi maji?"

"Huyo huyo! Ulimwona akikimbia?"

"Akimbie aende wapi, dada yangu. Yule hakuwafikia Watarumi." Toyo alishusha sauti, lakini aliendelea, kwa kuwa alikuwa hajapata mtu wa kumsimulia. "Siku maji yalipokatika, bwana Sakon aliuliza, humu ndani nani baba yake aliweka magogo? Wakamleta. Wakamwambia wewe ndiye uliyewapigia adui kelele, kwa kuwa mama yako yuko nje. Akasema hajui chochote. Wakamchoma vidole kimoja kimoja. Anasema baba yangu alikufa kwa maporomoko, sikuzaliwa bado, maporomoko, maporomoko, basi hilo tu. Bwana Sakon alicheka, sijui alicheka nini. Halafu wakamtupa birikani mzima mzima, si lilikuwa tupu? Tulimsikia siku mbili."

Tane akaifuta mikono kwenye nguo yake.

"Na hakuwa yeye, masikini," Toyo alisema. "Ningempata mimi huyo mwana haramu aliyeonyesha maji, ningemng'oa ulimi kwa mikono hii."

"Sakon ni yupi?" Tane aliuliza.

Toyo alionyesha kwa kitana. Kilikuwa kichwa cha pili kutoka mwisho, chenye mvi zilizochanwa vizuri na meno meusi yanayong'aa. Tane alikuwa amekiosha mwenyewe asubuhi ile, akitafuta kovu tu, asimtambue. Alikipaka meno kwa uangalifu mkubwa, maana askari aliyekikata alimsimamia, na alipomaliza alimsifu.

*

Watarumi hawakuitaka ngome. Waliitaka isiwepo. Watu waliobaki bondeni, wanawake karibu wote, wakaamriwa wapande kuibomoa, na mawe waliyoyabeba wazazi wao kwenda juu wakayaporomosha kwenye mahandaki. Kazi ilipofika birikani, Tane aliomba ashuke mwenyewe. Mwili ulikuwa umeegemea ukuta. Alijua ni yeye kwa vidole, si kwa kovu. Akauzika mlimani, mahali ambapo hakumwonyesha mtu.

Siku ya kuondoka, Genba aliwakusanya wote chini ya mlima. Akamwita Tane mbele, akamtwika mikononi majora mawili ya kitambaa cha hariri nyeupe.

"Huyu ndiye aliyetupa Iwasuge," akatangaza kwa sauti yake ya upole. "Ndiye aliyeonyesha maji. Neno la Tarumi halipotei, kila mtu apate alichostahili."

Tane alisimama na hariri mikononi. Mbele yake palikuwa na akina mama ambao watoto wao aliwaosha, na Toyo. Genba alipopanda farasi alimwinamia kidogo.

"Ningeweza kukuua," alimwambia, kwa siri, kama mtu anayemshauri jamaa. "Mtu aliyemuuza bwana wake siwezi kumwacha hivi hivi. Lakini hawa watafanya vizuri zaidi."

Hawakumuua. Toyo alimtemea mate usoni mara moja, akamwacha. Ila tangu siku hiyo hapakuwa na mtu bondeni aliyemsalimu. Maji ya shamba lake yalikuwa yakizibwa na majirani kila mwaka wakati wa kupandikiza mpunga, akaacha mpunga, akalima mtama. Hariri aliichoma. Wakasema ameificha. Hadithi ikakua mwaka hadi mwaka: kwamba aliahidiwa jumba, kwamba alilala na Genba, kwamba alikuwa akila wali mbele ya majirani zake waliokuwa wakifa.

Hisa alikua ndani ya hadithi hiyo. Watoto walimrushia mavi ya farasi, akajifunza kutembea akitazama chini. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa mrefu, mwenye mikono mizuri ya kufuma, na hakuna nyumba hata moja iliyoleta mshenga. Siku moja ya masika alikuja shambani, akasimama mwisho wa tuta.

"Bibi, ni kweli?"

Tane hakuacha kupalilia. "Ni kweli kipi? Wanasema mengi."

"Kwamba ulisema."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na njaa."

Hisa aling'oa jani la mtama, akalichana. Halafu akauliza, "Pale mteremkoni tulikuwa wangapi?"

"Mia na thelathini. Siku ile tulishapungua."

"Na baba alikuwa juu."

"Niliomba aachwe hai. Waliniahidi."

"Ukaamini?"

"Sikuwa na muda wa kuamini au kutoamini. Ulikuwa hupepesi macho, Hisa. Nzi walikuwa—"

"Ungeniacha," Hisa alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekosoa mshono. "Ningekufa mdogo na jina zuri. Sasa nitakufa mzee, hivi."

Tane alinyooka, jembe mkononi. Akasema: "Mtama haujapaliliwa upande ule."

Hisa aliondoka siku ya tatu na wachuuzi wa katani waliokuwa wakivuka kwenda pwani ya magharibi. Mlangoni alimfunga bibi yake mshipi wa koti, kama alivyofanya kila asubuhi.

"Nitawaambia huko kwamba nililelewa na watawa," akasema. "Kwamba bibi yangu alifia mteremkoni na wenzake. Usije ukanitafuta, nakuomba. Utaniharibia."

"Sitakuja."

"Apa."

Tane akaapa.

Aliishi miaka kumi na miwili tena. Iwasuge ikaota misonobari, na wawindaji wakaanza kupita pale lango lilipokuwa bila kujua kama palikuwa na lango. Alikufa mwezi wa theluji, peke yake. Aliyemkuta ni mkata kuni wa bonde jingine, aliyeingia kuomba moto. Wa bondeni mwake walikuwa wameona siku nne nzima kwamba paa lake halitoi moshi, na hawakuambiana.